Penseli Iliyofungwa kwa Uzi: Mafunzo Niliyopata Kutoka Kubeba Magunia Hadi Kuongoza Kampuni

Nilizaliwa Piana-Mwanga mwaka 1976, katika nyumba ya matofali ya kambi ya wafanyakazi, mahali ambapo hapakuwa na usiku wa kimya. Upande mmoja maporomoko ya mto Luvua yalinguruma, upande wa pili mitambo ya santrali. Santrali ndivyo tulivyokiita kituo cha umeme. Géomines, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1910, ilikijenga katika miaka ya 1930 ili kupeleka umeme Manono, umbali wa zaidi ya kilomita 80, kwenye machimbo ya bati. Baba yangu alikuwa mtu wa zamu humo.

Leo naongoza kampuni ya kusafirisha mizigo mjini Kalemie, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Niliingia humo mwaka 2007 nikiwa kibarua wa kubeba saruji bandarini, na mwaka 2019 nikakabidhiwa uongozi. Sikusoma chuo kikuu, wala sina mjomba serikalini. Vijana wanaokuja kuomba kazi huniuliza nilipitia wapi, na kwa kuwa mlangoni sina nafasi ya kuwajibu inavyostahili, nimeona niandike.

1. Andika kabla hujaulizwa

Katika chumba cha zamu cha santrali palikuwa na meza ya chuma, na juu yake daftari pana lenye mistari. Penseli ilifungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ili mtu asiondoke nayo. Kila saa baba aliandika: kina cha maji, mzigo wa umeme, joto la beringi. Nilipokuwa na miaka kumi na kitu nilimpelekea chakula cha usiku, nikamwona anavyofanya. Alishuka ngazi, akasimama kando ya mtambo, akaweka mgongo wa kiganja kwenye chuma akiwa amefumba macho, kama mama anayempima mtoto homa. Kisha akapanda, akaandika: "vuguvugu". Kipimajoto kilikuwa kimekufa na kingine hakikuletwa, lakini safu ile ya daftari hakuiacha wazi.

Miaka hiyo bati lilikuwa limeanguka. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likishikilia bei duniani kwa kununua bati lililozidi, liliishiwa fedha, na bei ikaporomoka. Machimbo yetu, ambayo wakati huo yalikuwa yakiitwa Zairetain, yalikuwa yameshadhoofika. Mshahara ulichelewa, kisha ukawa hadithi. Mama alimuuliza baba anamwandikia nani. Akasema, "Mtambo haujui kwamba sijalipwa."

Niliyabeba maneno hayo hadi bandari ya Kalemie. Siku ya tatu ya kazi nilinunua daftari la shule la kurasa 48, nikaanza kuandika jioni: boti gani imefika, magunia mangapi tumeshusha, mangapi yamepasuka, mangapi yamelowa, na yalilowa wapi, ndani ya boti au nchi kavu. Hakuna aliyenituma. Wenzangu waliniita Mwalimu, si kwa heshima.

Miezi saba baadaye ukazuka ugomvi. Shehena ya saruji kutoka Kabimba ilifika na upungufu. Nahodha alisema magunia yameibwa ghalani, mtunza ghala akasema hayakufika kabisa. Bosi alisimama kati yao jasho likimtoka. Nikachomoa daftari kwenye mkoba wa nguo zangu za kazi. Palikuwa na tarehe, jina la boti, idadi ya yaliyoshuka, idadi ya yaliyoganda kwa maji ya sakafu ya boti. Bosi alisoma ukurasa mzima, akafunua wa nyuma, na mwingine wa nyuma yake. Hakunisifu hata kidogo. Aliuliza tu, "Umeanza lini?" Wiki iliyofuata nilipewa meza ndogo mlangoni mwa ghala, na kazi ya kuhesabu.

2. Mgongo nao ni shule

Gunia la saruji ni kilo 50. Ukilibeba kwa miezi mingi unajua mambo ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote: kwamba ubao wa kushukia ukiwa mwembamba watu hupunguza mwendo kwa nusu, kwamba mzigo wa saa nane mchana hupasuka zaidi kuliko wa asubuhi, kwa sababu mikono imechoka na watu wanatupa badala ya kuweka, kwamba gunia la chini kabisa kwenye rundo hunyonya unyevu wa sakafu na kuganda hata kama paa halivuji. Nilipokuwa mkuu wa ghala, jambo la kwanza nililofanya ni kuagiza mbao za kuinua magunia kutoka sakafuni na ubao mpana wa kushukia. Hazikugharimu kitu cha kutisha. Hasara ya magunia ilipungua hadi mhasibu akadhani nimekosea hesabu.

Nawaambia wahitimu wanaokuja kwetu na diploma: mwezi wa kwanza kaeni bandarini. Wengine hununa. Wanaokubali hunishukuru baadaye, na hata wasiponishukuru naiona faida yake katika kazi zao.

3. Jifunze lugha ya kila meza

Bandarini tunasema Kiswahili cha kwetu. Mfanyabiashara wa Kigoma akija anasema cha kwao, na ni rahisi kudhani tunaelewana kwa kila kitu. Sisi tunasema franga, yeye anasema hela. Sisi tunaenda konji, yeye likizo. Motuka yetu kwake ni gari. Hayo ni madogo. Kubwa ni adabu. Mtu wa Kigoma huanza na salamu ndefu, anauliza habari za nyumbani, za safari, za wazee, na ukimkatisha kwa kumtajia bei anakuona huna malezi, hata kama bei yako ni nzuri. Nilijifunza kumsikiliza hadi mwisho. Wateja watatu wakubwa wa kampuni yetu walikuja kwa njia hiyo, kwa salamu zilizokwisha zenyewe.

Ghorofani kulikuwa na Kifaransa. Barua, hati za mizigo, forodha, benki: vyote Kifaransa. Cha kwangu kilikuwa cha shule ya msingi ya Piana-Mwanga, kisha vita vikakikata. Nilinunua kamusi isiyo na jalada sokoni, nikawa naazima nakala ya hati moja kila jioni na kuirudisha asubuhi. Ilinichukua miaka miwili kuweza kuandika barua ambayo katibu hakuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kibemba na Kiingereza kidogo nilikuwa nimevipata Zambia, katika kambi ya wakimbizi ya Kala. Huko tulifika baada ya mji wa mpakani wa Pweto kuanguka mikononi mwa waasi Desemba 2000, watu kwa maelfu wakavuka mpaka. Nilidhani kambi imenila miaka yangu. Kumbe mzigo wa kwanza kutoka Mpulungu, bandari ya Zambia, niliopewa kuushughulikia peke yangu, nilipewa kwa sababu ya Kibemba kile.

4. Cheo cha kwanza ndicho kigumu kuliko vyote

Mwaka 2010 nilifanywa kapita. Kapita ni msimamizi wa kundi la vibarua. Neno lenyewe lilitumika katika makampuni ya Wabelgiji, na hadi leo halijaondoka. Nilidhani wenzangu watafurahi kwamba mmoja wao amepanda. Siku ya kwanza, saa ya chakula, nilikwenda kwenye sinia letu kama kawaida. Ugali wa muhogo, ndakala, sombe. Mazungumzo yakakatika. Mtu akasogea kunipa nafasi pana kupita kiasi, kama anavyofanyiwa mgeni. Nilikula matonge mawili nikaondoka, na sijapata kula nao hivyo tena.

Iliniuma sana. Niliyafanya makosa yote mawili yanayojulikana. Kwanza niliwabembeleza: aliyechelewa nilimwandikia amewahi. Ndani ya mwezi mmoja wale waliowahi walinichukia, na walikuwa na haki. Kisha nikageuka mkali, nikapaza sauti kama niliyowahi kupaziwa mimi, na siku moja nilimtukana mzee aliyekuwa amenifundisha jinsi ya kuweka gunia begani bila kuumiza shingo. Hakujibu. Aliniangalia tu, akasema, "Shefu, umenena."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwake kabla ya kazi, nikamwomba radhi mbele ya kundi zima, si pembeni. Nikasema pia kwamba tangu siku ile daftari la mahudhurio litakaa wazi mezani, kila mtu aone alichoandikiwa yeye na alichoandikiwa mwenzake. Mambo yalitulia kwa sababu ya daftari lile kuliko kwa sababu ya maneno yangu. Mtu huvumilia ukali akiona kipimo ni kimoja.

5. Kampuni ya kupewa na kampuni ya kupanda

Wazee wa Kalemie wanakumbuka tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa wananchi wa Zaire. Madai yenyewe yalikuwa ya haki: nchi ilikuwa huru tangu 1960 na bado duka la Mgiriki, la Mreno na la Mhindi ndilo lililopanga bei mjini. Lakini waliokabidhiwa, wengi walikuwa wenye vyeo na jamaa zao. Karani aliyekuwa ameendesha duka kwa miaka 20 akabaki karani, sasa chini ya mtu asiyejua sukari inaagizwa wapi. Wengi waliuza kilichokuwa kwenye rafu, wakala, na rafu zikabaki tupu. Ilipofika 1976 serikali ilikuwa tayari inaanza kuwarudishia wenyewe wa zamani.

Nawaza sana juu ya karani yule. Angepewa yeye duka, hadithi ya uchumi wetu ingekuwa nyingine. Kwa hiyo nilipoulizwa na wenye kampuni yetu, mwaka 2015, kama niko tayari kuwa meneja wa tawi, nilijibu kwamba naomba kwanza miezi sita katika chumba cha uhasibu, kwa mshahara wangu uleule. Waliona ajabu. Lakini nilikuwa najua mizigo, sikuwa najua fedha, na sikutaka kuwa mtu wa mwaka 1973 katika ofisi yangu mwenyewe. Wahenga walisema mtu hakatai mwito, hukataa aitiwalo. Mimi sikukataa lolote, niliomba tu muda.

6. Usione haya kuanza upya

Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo, kwa miaka mingi. Alifungwa kwa kesi ya fedha za posta, na alipotoka akahamia Léopoldville, akaingia kiwanda cha bia cha Bracongo kuuza bia ya Polar. Kabla ya kuisha kwa mwaka 1958 alikuwa ameshafika kuwa mkurugenzi wa biashara. Huwa tunamkumbuka kwa siasa tu na kwa kifo chake. Mimi namkumbuka pia kama mtu wa umri wa miaka 30 na ushee aliyeanza tena sifuri katika mji mwingine, katika kazi asiyowahi kuifanya, akapanda kwa uwezo wa kuzungumza na watu. Mimi nilianza nikiwa na miaka 31, na Kalemie nilikuwa mgeni.

7. Misumari ya mlinzi

Fundisho hili lilinigharimu, na aliyelipa zaidi hakuwa mimi.

Ghala letu la zamani lilikuwa karibu na maji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, ambao uko hapahapa kwetu; mvua zikizidi, maji huingia kwa mito mingi na kutoka kwa njia hiyo moja. Mwanzoni mwa mwaka 2020 mvua zilizidi. Mlinzi wetu wa usiku, mzee asiyejua kusoma, alianza kugonga misumari ukutani. Kila Jumapili alipima maji yamefika wapi, akagonga msumari mmoja. Siku moja alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya ghala. "Tazama, Shefu. Hii ya mwezi jana, hii ya wiki mbili, hii ya jana." Misumari ilikuwa inapanda, na nafasi kati yake ilikuwa inaongezeka.

Nilikuwa na mkutano. Nilimwambia nimeona, nitalishughulikia. Nilikuwa mkuu wa kampuni kwa miezi michache tu, simu hazikunyamaza, na kuhamisha ghala lote kulikuwa na gharama ambazo sikutaka kuwaeleza wenye mali mapema hivyo. Nikasema moyoni, ziwa hupanda na kushuka.

Maji yaliingia usiku. Asubuhi saruji ilikuwa imesimama katika maji hadi safu ya tatu, na saruji iliyolowa haina dawa, ni jiwe. Hasara ile ilitulazimu kupunguza watu. Kumi na mmoja waliondoka, wanne kati yao niliwahi kubeba nao magunia. Yule mlinzi hakusema "nilikwambia". Alikuwa anasaidia kutoa mawe nje.

Baba yangu alisoma kina cha maji kila saa kwa miaka yake yote ya kazi, na mimi, mwanawe, niliwekewa kipimo cha maji mbele ya macho nikapita. Nilikuwa nimesahau jinsi mtu wa chini anavyoandika akiwa hana daftari. Ghala jipya liko upande wa juu wa barabara. Ukuta wa zamani bado umesimama na misumari yake, na kila mwanzo wa masika nakwenda kuitazama, kwa sababu ziwa limepanda tena mara nyingine tangu hapo, na mwaka 2024 liliingia mitaa ya watu.

8. Ujuzi usiugeuze ufunguo wa mfukoni

Watu husema vita viliua santrali ya Piana-Mwanga. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mimi niliona ikianza kufa kabla. Wabelgiji walikuwa wamejenga mfumo ambao Mkongo aliweza kuwa fundi stadi miaka 25 bila kuoneshwa mchoro kamili wa mtambo anaouendesha. Mwaka 1960 nchi nzima, kubwa kama hii, ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wa kuhesabika. Chuo cha Lovanium chenyewe kilifunguliwa 1954 tu. Kisha mafundi wetu nao, waliojifunza kwa kuchungulia na kwa kuungua, wakaficha walichokipata. Kila mmoja alikuwa na ujanja wake wa kuwasha mtambo uliogoma, na alihakikisha hayupo mwingine anayeujua, kwani ndio uliomlinda asifukuzwe. Siwalaumu. Njaa hufundisha hivyo. Lakini walipostaafu, walipokufa, walipokimbia, kila mmoja aliondoka na kipande cha santrali kichwani.

Baba alikufa Kala, mwaka wa pili wa ukimbizi. Wiki zake za mwisho alikuwa akinieleza jinsi sauti ya maji inavyobadilika uchafu unapoziba wavu wa mlango wa mfereji. Nilimsikiliza kwa heshima tu, nikiamini sitakuwa na kazi nayo. Sasa wageni wanazungumza juu ya litiamu ya Manono, na kila anayetaka kuichimba anatazama Luvua, kwa kuwa bila umeme hakuna mgodi. Ningetamani kumwonesha mmoja wao mahali wavu ule ulipo na sauti yake ilivyo. Siikumbuki sawasawa.

Ndiyo sababu kwetu hakuna kazi yenye mtu mmoja. Mhasibu ana msaidizi anayejua neno la siri. Nahodha ana kijana anayeshika usukani kila safari ya tatu, hata kama mwenyewe hapendi. Kazi yangu mimi pia ina mtu wa pili, na baadhi ya jamaa waliniambia najichimbia kaburi. Mwaka jana niliugua wiki sita, mizigo ikaendelea kutoka na kuingia. Nilipokuwa kitandani nilipata wivu kidogo, kisha nikalala vizuri.

9. Bado napeleka chakula cha usiku

Siku hizi boti zikishusha usiku nashuka bandarini, si kukagua, bali kukaa. Mwezi uliopita alikuwapo binti mpya mezani pale mlangoni, pale nilipokaa mimi kwanza. Ana miaka 22, ni mtoto wa muuza samaki. Nilimletea chai na mandazi, nikasimama kando yake tukihesabu pamoja gunia kwa gunia, yeye katika daftari lake na mimi kichwani, kwani ninajivunia kwamba sijapoteza kazi hiyo. Boti ilipokwisha nilichukua karatasi ya kampuni nikaandika 412, nikatia sahihi.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kazi yake, "Shikamoo, Papa Shefu, lakini mimi nina 409." Akanigeuzia daftari. Magunia matatu yalikuwa yamepasuka ubaoni na kurudishwa, nami niliyahesabu yakishuka mara mbili. Alikuwa ameandika saa, na jina la aliyeyabeba. Penseli yake ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Nilimuuliza nani alimwonesha, akasema hakuna, ila huwa zinaibwa.

Nikafuta 412, nikaandika 409, nikatia sahihi upya, na nikamwomba naye aweke ya kwake chini ya yangu.